Soketi ya prosesa katika laptopu iliyotumika: tathmini yangu ya Latitude E6430 baada ya kubadilishiwa prosesa hapa Mbeya

Kwa miaka minne nimekuwa nikihariri video za harusi na kipaimara kwa kompyuta mpakato moja tu, Dell Latitude E6430, ambayo niliinunua ikiwa tayari imetumika, katika duka moja la Kabwe hapa Mbeya. Ninachokitathmini hapa si kompyuta nzima. Ni sehemu yake moja ambayo wauzaji wengi hawaitaji na wanunuzi wengi hawaiulizii, yaani soketi inayobeba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, pamoja na prosesa ya pili niliyoiweka humo na kazi ya fundi aliyeiweka. Nitoe hukumu yangu mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: ukikuta laptopu mbili zilizotumika zenye bei moja na hali moja, na kazi yako ni nzito kama yangu, chukua ile ambayo prosesa yake inachomoka, kwa sababu hiyo ndiyo unayoweza kuiongezea nguvu baadaye kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine.

Kwa asiyeijua, soketi ya laptopu ni kitako cha plastiki kilichochomelewa juu ya bodi kuu, chenye matundu madogo yaliyojipanga kwa mraba. Prosesa ina pini upande wake wa chini, na kila pini ina tundu lake. Katika kompyuta ya mezani prosesa hubanwa kwa wenzo wa chuma, lakini ndani ya laptopu hakuna nafasi ya wenzo, hivyo kinachobana ni skrubu moja iliyo pembeni mwa soketi, yenye alama mbili za kufuli, moja likiwa limefungwa na jingine likiwa wazi. Ukiizungusha kwa bisibisi bapa hadi ikome, kipande cha juu cha soketi kinasogea kidogo sana, pini zinaachiwa, na prosesa inanyanyuka kwa vidole bila nguvu yoyote. Kona moja ya prosesa ina pembetatu ndogo inayoonyesha namna ya kuirudisha. Hakuna moto, hakuna risasi ya kuyeyusha, na hakuna gundi.

Prosesa isiyo na soketi haina pini kabisa. Chini yake kuna vipira vidogo vya risasi ambavyo kiwandani huyeyushwa vikashikamana na bodi, na tangu siku hiyo prosesa na bodi huwa kitu kimoja. Ikifa prosesa, imekufa na bodi. Wapo mafundi wenye mashine za hewa ya moto wanaoweza kuing'oa na kuweka nyingine, lakini ni kazi ya gharama na ya kubahatisha, na kwa laptopu ya mtumba hesabu yake hailipi.

Soketi ya E6430 inaitwa G2, na jina lake la kiufundi ni rPGA988B, ambapo 988 ni idadi ya pini. Kampuni ya Intel iliitoa mwaka 2011 pamoja na prosesa zake za kizazi cha pili cha Core i3, i5 na i7, kisha ikaendelea kuitumia kwa kizazi cha tatu mwaka 2012, ambacho ndicho kizazi cha kompyuta yangu. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu majina haya ya soketi ndiyo yaliyonigharimu fedha mara ya kwanza, na sitaki yamgharimu mwingine.

Intel ilikuwa na tabia ya kubadilisha soketi huku ikibakiza idadi ya pini. Mwaka 2006 Core Duo ilikuja na Soketi M yenye pini 478. Mwaka uliofuata ikaja Soketi P kwa ajili ya Core 2 Duo zilizofuata, nayo ikiwa na pini 478, lakini mpangilio wake wa umeme ni mwingine na prosesa ya moja haifanyi kazi katika nyingine. Jambo hilohilo likajirudia kwa G1 na G2. G1 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2009 na kubeba kizazi cha kwanza cha Core i, ikiwa na pini 988. G2 ikaja na pini 988 vilevile, na bado hazipokeani. Mtu anayehesabu pini peke yake, au anayetazama ukubwa wa prosesa kwa macho, ataziona kuwa ni ndugu wa baba mmoja.

Hilo ndilo lililonipata. Nilimwagiza muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, anitafutie prosesa ya i7 ya laptopu yenye pini 988. Kosa la kwanza lilikuwa langu: niliagiza kwa pini badala ya kuagiza kwa namba kamili ya prosesa. Yeye akaniletea i7-620M, ambayo ni ya mwaka 2010 na ni ya soketi G1, akiwa ameitia ndani ya bahasha ya karatasi na kuikabidhi kwa kondakta wa basi. Ilipofika stendi ya Nane Nane pini za safu ya nje zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Hata zingekuwa wima isingefaa kitu, lakini nataja bahasha kwa sababu prosesa ya pini haisafirishwi hivyo. Inatakiwa iwe ndani ya kiboksi kigumu cha plastiki, pini zikiwa zimeelea au zimechomekwa kwenye sponji nyeusi isiyohifadhi umeme tuli. Nilimpigia simu, akaniambia kuwa bidhaa ikishapanda basi hairudi. Fedha ile sikuirudishiwa.

Mara ya pili niliagiza kwa namba kamili: i7-3632QM, na nikaomba nitumiwe kwanza picha ya juu ya prosesa ambayo maandishi yake yanasomeka. Huu ni ushauri ninaousisitiza kwa kila mtu. Juu ya prosesa ya Intel ya kizazi hicho kumechapwa jina lake pamoja na msimbo mfupi unaoanza na herufi SR, na msimbo huo hautoki sawa kwa prosesa mbili tofauti. Prosesa ya zamani niliyoitoa kwangu, i5-3320M, ina msimbo SR0MX. Muuzaji wa pili alituma picha bila kusita, na mzigo ukaja ndani ya kiboksi chake. Nilimlipa shilingi 95,000 pamoja na nauli ya basi.

Kwa nini nilichagua 3632QM na si i7 nyingine? Kwa sababu neno i7 peke yake halimwambii mnunuzi chochote cha maana katika kizazi hiki. Ipo i7-3520M, ambayo inaingia katika soketi hiyohiyo ya G2 na ambayo wauzaji wengi hapa Mwanjelwa wangekupa ukiomba i7, lakini ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi, kama i5 yangu ya zamani. Mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.9 badala ya 2.6, na kumbukumbu yake ya ndani ni megabaiti 4 badala ya 3. Kwa mtu anayeandika barua na kufanya hesabu za duka tofauti hiyo haionekani, na kwa mhariri wa video haitoshi. Herufi ya kutafuta ni Q, ambayo katika majina hayo inaonyesha viini vinne. I7-3632QM ina viini vinne vinavyoshika kazi nane kwa wakati mmoja, kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 6, na mwendo wa kawaida wa gigahezi 2.2 unaopanda hadi 3.2 pale kiini kimoja kinapofanya kazi peke yake.

Kilichonifanya niichague zaidi ni joto. Prosesa nyingi za viini vinne za wakati ule zilibuniwa kwa wati 45, ilhali i5-3320M ilibuniwa kwa wati 35 na kipoza joto cha kompyuta yangu kilikusudiwa kwa kiwango hicho. I7-3632QM, pamoja na i7-3612QM iliyoitangulia, ni miongoni mwa chache zenye viini vinne ndani ya wati 35. Nilipata viini viwili zaidi bila kulazimika kubadilisha kipoza joto wala feni. Niliongeza tahadhari moja tu: niliacha chaja ya wati 65 niliyokuwa nikiitumia na kutafuta ya wati 90, kwa kuwa prosesa inapofanya kazi kwa nguvu zote huku betri ikichajiwa, chaja ndogo inaelemewa.

Sasa nije kwa fundi. Anafanyia kazi zake katika kibanda kidogo cha kioo eneo la Mwanjelwa, kando ya wauza vifaa vya simu, na kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kumtangaza sitataja jina wala mahali kamili. Nilipomweleza ninachotaka, kabla hajagusa bisibisi aliiwasha kompyuta na kufungua CPU-Z, programu inayoonyesha aina ya prosesa na soketi, akaniita nisogee. "Mama, tazama hapa palipoandikwa 988B. Hii yako ina soketi, hatutachoma chochote. Ingeandikwa BGA, ile ya kuchomelewa, ningekurudishia hela yako na mashine yako ukaenda salama." Maneno hayo yalinipa imani kuliko bango lolote. Nimewahi kufika kwa mafundi wanaofungua kwanza na kufikiri baadaye.

Namna hiyo ya kukagua inafaa kujulikana na kila anayekwenda kununua laptopu, kwa sababu haikuhitaji kufungua kitu. Kwa anayetumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio mbadala wa Windows, amri ya dmidecode nayo inataja aina ya soketi. Na kama muuzaji hakuruhusu kuwasha programu yoyote, soma herufi za mwisho za namba ya prosesa kwenye kibandiko au kwenye skrini ya mwanzo. Herufi U, ambayo hupatikana kwenye laptopu nyembamba, maana yake ni kwamba prosesa imechomelewa, bila ubaguzi. Herufi M na QM katika kizazi cha pili na cha tatu mara nyingi maana yake ni soketi, ingawa si kila mara, kwa kuwa baadhi ya prosesa, i5-3210M ikiwemo, zilitengenezwa kwa namna zote mbili. Katika kizazi cha nne, MQ ni ya soketi na HQ imechomelewa, na watu wengi wametapeliwa kwa tofauti hiyo ya herufi moja. Kuanzia kizazi cha tano Intel haikutoa tena prosesa za laptopu za kuchomeka. Soketi ya mwisho, G3, ilitoka mwaka 2013, na baada yake mlango ukafungwa. Watengenezaji walitaka mashine nyembamba zaidi, na soketi pamoja na pini zake huongeza unene ambao hawakuutaka tena.

Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, nitapita haraka, kwa kuwa sijazifanyia kazi vya kutosha. Soketi yao ya S1 yenye pini 638 ilianza mwaka 2006, ikafuatiwa na FS1 yenye pini 722 mwaka 2011. Mashine zake hapa Mbeya ni chache madukani, na prosesa zake za akiba ni chache zaidi.

E6430 imetengenezwa kwa heshima ya fundi. Ukitoa betri na skrubu chache za chini, kifuniko chote cha chini kinatoka kama kipande kimoja, na kipoza joto pamoja na RAM zinakuwa mbele yako. Katika ThinkPad T430, ambayo hutumia soketi hiyohiyo na ni mashine nzuri pia, inabidi kwanza utoe kibodi na sehemu ya kuegemeza viganja kabla ya kukifikia kipoza joto. Fundi wangu aliitumia nafasi hiyo kusafisha feni na mapezi ya shaba. Vumbi lililotoka lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi kuukuu, na aliniambia kwamba kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, hakuna wiki inayopita bila kuletewa mashine inayozimika kwa sababu hiyo tu.

Alifuta dawa ya zamani ya kupitishia joto kwa kitambaa laini kilicholowa spiriti, akazungusha skrubu ya soketi, akainyanyua i5 na kuiweka juu ya sponji. Kisha akaishika i7 kwa kingo, akalinganisha pembetatu, akaiachia itue kwa uzito wake yenyewe. Huu ndio wakati ambao mtu mwenye mkono mzito anaharibu. Prosesa haitakiwi kusukumwa, na kama haizami yenyewe basi kuna pini iliyopinda au pembe zimekosewa. Prosesa ya laptopu pia haina kifuniko cha chuma kama ile ya mezani. Kioo chake cha silikoni kiko wazi juu, na kipoza joto kikibanwa upande mmoja kabla ya mwingine, kona ya silikoni inaweza kumeguka. Fundi alikaza skrubu za kipoza joto kidogokidogo na kwa mkingamo, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Kazi yote ilimchukua chini ya saa moja na alinitoza shilingi 20,000, bei ambayo naiona ni ya haki kabisa kwa uangalifu ule.

Nina malalamiko mawili juu ya kazi yake na nilimwambia yote mawili uso kwa uso. La kwanza ni umeme tuli. Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, naye alikuwa amevaa sweta zito la sufi. Katika miezi hiyo hewa ya huku ni kavu mno, na kila anayelala na blanketi la sufi anazijua cheche zinazoonekana gizani anapolivua. Cheche kama hiyo haitakuumiza, lakini inaweza kuua prosesa bila kuacha alama. Hakuwa na mkanda wa mkononi unaounganishwa na ardhi, wala hakugusa chuma chochote kabla ya kuishika prosesa. Alinisikiliza kwa adabu, akavua sweta, na nilipopita wiki chache baadaye nilimkuta na mkanda. La pili ni dawa ya kupitishia joto, ambayo aliipaka nyingi kupita kiasi, akidhani kwamba wingi ni ubora. Kazi ya dawa ile ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kati ya silikoni na shaba. Ikizidi, inakuwa blanketi.

Nasema hivyo kwa sababu nilipima. Siku ya kwanza, nikisafirisha video, yaani kuitoa ikiwa faili kamili, kwa programu ya kuhariri ya Kdenlive kwenye Linux, joto la prosesa lilipanda hadi nyuzi 93. Prosesa hii imewekewa kikomo cha nyuzi 105, ambapo huanza kujipunguza mwendo yenyewe, kwa hiyo haikuwa hatari, lakini sikuridhika. Nilimrudia, tukaifungua tena mbele yangu bila malipo, tukafuta dawa yote na kuweka tone moja dogo kama punje ya mchele. Joto la juu likashuka hadi nyuzi 85, na limebaki karibu na hapo.

Kuna jambo moja la eneo letu ambalo tathmini za watu wa pwani haziwezi kulitaja. Mji wa Mbeya upo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam. Feni inazunguka kwa kasi ileile na kuvuta ujazo uleule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo ya kubebea joto. Baridi yetu hulipa deni hilo na kubakiza chenji wakati wa Juni na Julai. Mwezi wa Oktoba, jua linapowaka na vumbi likiwa juu, hakuna kinacholipa. Ndiyo maana nisingemshauri mtu wa huku aweke prosesa ya wati 45 katika mashine ya wati 35 kwa sababu tu alimwona mtu wa mahali pengine amefanya hivyo na ikakubali. Wenzetu wa Makambako, Njombe na Makete wako juu kama sisi au kutuzidi, na ushauri huo unawahusu.

Kuhusu matokeo yenyewe, nina kazi moja ninayoitumia kama kipimo, video ya kipaimara iliyohaririwa tayari, yenye urefu wa dakika 50, ambayo huisafirisha kwa mipangilio ileile kila ninapobadilisha kitu. Kwa i5-3320M ilichukua saa mbili na dakika kumi. Kwa i7-3632QM, kompyuta ileile, RAM ileile ya gigabaiti 16, diski ileile ya SSD, ilichukua saa moja na dakika kumi na tano. Kwa mtu anayetakiwa kukabidhi kazi Jumatatu asubuhi baada ya ibada ya Jumapili, hiyo ndiyo tofauti kati ya kulala na kukesha. Kwa upande mwingine, kufungua kivinjari, kuandika waraka au kuangalia picha hakujabadilika hata kidogo, na aliyekuahidi kwamba utaona tofauti huko amekudanganya. Hata sehemu ya michoro haikubadilika, kwani prosesa zote mbili zimebeba michoro ileile ya HD 4000. Betri inaisha mapema kidogo ninapofanya kazi nzito. Ninapoandika tu, siioni tofauti.

Lipo jambo ambalo soketi haiwezi kulitatua, na ni lazima nilitaje kwa uwazi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi. Hakuna prosesa yoyote ya soketi G2 wala G3 inayofikia hapo. Anayelazimika kutumia Windows iliyo rasmi kwa sababu ya programu za ofisi yake asinunue E6430, hata apewe kwa bei ya kutupa. Mimi nilihamia Linux miaka miwili iliyopita na mahitaji yangu yote yanatimia huko, lakini siwezi kumlazimisha mhasibu au karani afanye hivyo.

Vilevile soketi kuwa moja haina maana kwamba kila kinachoingia kitafanya kazi. Latitude E6420, dada mkubwa wa mashine yangu, ina soketi ya G2 hiyohiyo, lakini ilitengenezwa kwa kizazi cha pili, na BIOS yake, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, haikuandikwa kutambua kizazi cha tatu. Ukiweka i7-3632QM humo, itakaa vizuri kwenye matundu yake na skrini itabaki nyeusi. Mwenye E6420 atafute prosesa za viini vinne za kizazi cha pili, akijua kuwa nyingi ni za wati 45. Na yeyote anayebadilisha, katika mashine yoyote, asasishe BIOS kwanza prosesa ya zamani ikiwa bado ndani.

Kama ningeanza upya leo nikiwa na fedha kidogo zaidi, ningetafuta ThinkPad T440p. Hiyo ina soketi ya mwisho, G3, na kifuniko chake cha chini hufunguka kwa skrubu mbili tu. Prosesa kama i7-4702MQ au i7-4712MQ, zenye viini vinne ndani ya wati 37, ndizo ningezitafuta kwa ajili yake. Nimeiona moja tu Mbeya, katika duka la Uhindini, na mwenye nayo aliniombea bei ya i7 ilhali ndani yake kulikuwa na i3-4000M. Nilimwonyesha, akakasirika, nikaondoka. Mnunuzi aangalie pia asiichanganye na T440s, ambayo jina lake linafanana lakini prosesa yake imechomelewa.

Mdogo wangu anafundisha shule ya msingi Tukuyu, na laptopu yake ni Latitude E5430 iliyokuja na i3-3110M. Nayo ni ya soketi G2. Siku ya Jumamosi nilishuka huko na ile i5-3320M yangu ndani ya kiboksi cha plastiki kilicholeta i7, pamoja na bisibisi na kichupa cha spiriti. Tulifunua kifuniko mezani kwake, nikagusa bomba la maji kwanza, nikazungusha skrubu ya soketi, na baada ya nusu saa mashine ikawaka na kuitambua prosesa yake mpya bila kuuliza swali. Mitihani ya darasa la saba anaichapa kwa hiyo sasa. Ile i3 imebaki katika kiboksi kilekile, pini zake zikiwa wima zote, na tayari mwalimu mwenzake ameiulizia kwa ajili ya kompyuta yake yenye Celeron.